Rotax, Jabiru au Lycoming? Injini ya ndege ya kujiundia kwa anayerukia Lubumbashi

Nguvu zinazoandikwa kwenye katalogi hupimwa usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, uko mita 1,300 hivi juu yake. Mchana wa Oktoba, joto likigonga digrii 33, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,200 na ushee, na injini isiyo na turbo iliyouzwa kwa nguvu za farasi 100 hubaki na 78 hivi. Aanzie hapo anayejenga ndege ya viti viwili, bei baadaye.

Kwa ndege isiyozidi kilo 600 tunachukua Rotax 912 ULS. Inakunywa esansi ya gari, mradi iwe oktani 95. Esansi ya kadhafi, ile ya wauzaji wa kando ya barabara, isahau: hujui ilichanganywa na nini, na kwa mgandamizo wa 10.8 kwa 1 oktani ndogo hutoboa pistoni. Esansi ya ndege yenye madini ya risasi nayo inakubalika, ila masizi yake hujaa kwenye oili na giaboksi; badilisha oili kila saa 25 hadi 50, si 100.

Udhaifu wake uko kwenye kabureta mbili za Bing. Maboya yanayopima kiasi cha esansi ndani yake huinyonya, huzama, na injini hutetema ikiwa taratibu huku esansi ikivuja kwenye mpira wa hewa. Yapime: mawili ya kabureta moja pamoja yasizidi gramu 7. Kwa joto, mvuke hufunga mfereji wa esansi. Usiache kuweka mfereji wa kurudisha esansi kwenye tangi wenye kijitundu cha milimita 0.35. Mipira yote hubadilishwa kila miaka 5, hata kama ndege imelala tu.

Rotax 914 ina turbo, na kwa mwinuko huu farasi zake 115 huwa zipo kweli, kwa dakika 5 za kuruka. Lakini pampu zake zote mbili za esansi ni za umeme: umeme ukikatika, injini inazima. Waya mbovu hapa ni hatari kuliko injini yenyewe.

Jabiru 2200 ni nyepesi, haina giaboksi, na hupozwa kwa hewa tupu, hewa ambayo huku ni haba. Mamlaka ya anga ya Australia iliwekea ndege zenye injini za Jabiru masharti mwaka 2014. Boliti ndefu zinazoshika silinda zilikuwa zikikatika. Kwa Oktoba ya Katanga, hapana.

Lycoming O-320 ya farasi 150 hubaki na 115 hivi na fundi yeyote wa ndege anaijua, ila ina kilo 110 au zaidi. Inafaa RV-9, ndege ya bati la aluminiamu, si ndege ya turubai.

Ukifunga 912, punguza pembe ya pangaboi: esansi ikifunguliwa yote, mizunguko isishuke chini ya 5,200 kwa dakika, wala isipite 5,800.