Kulea mbwa wa kituo cha jiji kwa muda: maoni yangu

Mbwa anayebweka kizimbani bila kunyamaza si lazima awe mkali. Mhudumu wa kituo cha wanyama cha jiji aliniambia hivyo tukiwa tumesimama mbele ya Shaba, jike wa kahawia mwenye sikio moja lililokunjika, aliyekuwa akiurukia wavu kila mtu alipopita. Hakunibembeleza nimchukue. Alinifungulia jalada lake nikasoma mwenyewe: aliokotwa barabarani, mwenyewe hakujitokeza, ameshachanjwa kichaa cha mbwa na parvo (virusi vinavyowaharisha mbwa vibaya), amepewa dawa ya minyoo, amefungwa kizazi. Chini kabisa, kwa kalamu, palikuwa na maneno niliyoyathamini kuliko yote: anaogopa ufagio; hajajaribiwa na paka.

Kituo kina mpango wa kulea kwa muda. Mbwa anaishi kwako, lakini bado ni wa kituo, na matibabu yake ni juu yao. Wapo wanaosema ni ukatili kumtoa mnyama akaonja nyumba kisha kumrudisha. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichapisha matokeo ya kupima mbwa 207 wa vituo vitano: kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka mbwa walipolala nyumbani kwa watu hata usiku mmoja au miwili, na waliporudi vizimbani ilipanda hadi pale ilipokuwa mwanzo, haikupita hapo. Yaani lilikuwa pumziko la kweli. Mimi hilo lilinitosha.

Maelekezo waliyonipa yalikuwa mafupi na yote yalifaa. Mpe chumba kimoja kwanza. Usialike wageni kuja kumwona. Usimwogeshe siku anayofika. Na hata kama ua una uzio, mtoe akiwa amefungwa kamba, kwa sababu mbwa mgeni akishtuka hukimbia bila kujua anakimbilia wapi. Shaba alijibanza nyuma ya kochi, akakataa chakula, akakataa ngazi. Nilimwacha. Alipotoka mwenyewe akaja kulala karibu na miguu yangu, nilimwona mbwa ambaye kizimba kisingenionyesha kamwe: mtulivu, habweki ovyo, anapenda kusikia mtu akisoma kwa sauti. Ufagio nimeuhamishia stoo.

Sasa malalamiko. Baada ya siku chache alianza kukohoa kikohozi kikavu, kama amekwamwa na mfupa. Ni kikohozi cha vizimba; huenea kwa hewa pale mbwa wanapobanana, na hata aliyechanjwa anaweza kukipata. Ugonjwa wenyewe siwalaumu. Ninacholaumu ni kwamba namba ya dharura niliyopewa iliita usiku kucha bila mtu kupokea. Mlezi mgeni hajui kutofautisha kikohozi cha kawaida na mnyama anayekabwa, na ndiye anayeihitaji namba hiyo kuliko mtu yeyote. Asubuhi daktari wao alimpokea vizuri, akampima mapafu, akanishauri nitumie mkanda wa kifuani badala ya kola ili koo lisikandamizwe. Kitu kingine: kibao cha kizimbani kilimtaja aina yake kana kwamba kuna uhakika, ilhali ilikisiwa kwa macho tu. Afadhali waandike "chotara" basi.

Shaba nimemchukua moja kwa moja, na hapo kituo kilifanya jambo ambalo naomba vituo vyote viige. Kabla sijasaini, mhudumu alipitisha kisomeo kati ya mabega ya Shaba, akahakikisha tarakimu 15 za chipu iliyo chini ya ngozi yake ndizo zilizo kwenye jalada, kisha akabadilisha jina na simu kwenye rejista mbele ya macho yangu. Chipu haionyeshi mbwa alipo. Hutoa namba tu, na namba yenye simu ya zamani haimrudishi mbwa kwa mtu. Ukienda kuchukua wako, usiondoke kaunta kabla hilo halijafanyika.