DAC ya Hi-Fi ya Nyumbani: Zipi Zinunuliwe Kwanza, Zipi Zisubiri

Kabla hujatoa hela, zunguka nyuma ya amplifaya yako ukague matundu. Ukikuta tundu dogo la mraba lenye neno OPTICAL pembeni, au tundu la USB la kuunganishia kompyuta, DAC unayo tayari, imo humo humo ndani. Ijaribu kwanza. Wako watu wanaonunua ya pili bila kujua kwamba wana ya kwanza, na muuzaji hana haraka ya kuwaambia.

Kwa asiyeifahamu: muziki ukiwa kwenye CD, simu au kompyuta ni namba tupu. Kwenye CD ni namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na nyingine 44,100 kwa ya kulia. Spika haielewi namba. Inaelewa umeme unaopanda na kushuka. DAC ndiyo inayozigeuza namba kuwa umeme huo, kisha amplifaya inaukuza. Kila simu, televisheni na laptopu ina DAC yake, maana bila hiyo isingetoa sauti kabisa. Swali basi ni kama ya nje itakuongezea kitu, na mara nyingi kinachoongezeka ni tundu ulilokuwa umelikosa.

Kwa nini sipangi kwa utamu wa sauti

Msimamo wangu niuweke wazi mapema, kwa sababu orodha yote imesimama juu yake: DAC zilizotengenezwa vizuri siku hizi, hata za bei ya chini, zimeshalipita sikio. CD ya biti 16 (biti ni tarakimu za 0 na 1 zinazounda kila namba) ina nafasi ya desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, 96 hivi kati ya sauti yake kubwa kabisa na kelele yake ya chini. DAC ndogo za mezani leo zinapimwa kwenye desibeli 110 na kuendelea, nyingine zinavuka 120. Sasa fikiria sebule yenyewe: usiku, milango imefungwa, bado ina kelele ya desibeli 30 hivi. Ukitaka kufaidi desibeli 120 zote juu ya kelele hiyo, muziki utapaswa kufika 150, na masikio huanza kuuma kwenye 120 au zaidi kidogo. Hapo hata majirani hawatakuwa tatizo lako kubwa.

Watu hubisha kwa kusema, "Lakini mimi nimesikia tofauti." Huenda ni kweli walisikia, ila swali ni walisikia nini. DAC moja ikitoa volti 2 na nyingine 2.3, hiyo ya pili itasikika kama ina besi nene na uwazi zaidi, kumbe ina sauti kubwa zaidi basi, kama desibeli 1.2. Ukitaka kulinganisha kwa haki, cheza mlio wa majaribio, pima volti kwa mita kwenye waya za spika, zisawazishe hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, kisha mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona. Wengi wakifanya hivyo tofauti hupotea.

Na jina la chipu lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi lisikubabaishe. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM, watengenezaji wa chipu za DAC, kule Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wengi wakakosa chipu walizozitegemea. RME, watengenezaji wa vifaa vya sauti, waliitoa chipu ya AKM kwenye ADI-2 DAC yao wakaweka ya mpinzani wake, ESS, na kifaa kikaendelea kuuzwa kwa jina lile lile, kwa kazi ile ile. Umeme unaolisha chipu na saketi inayopokea kutoka kwake vina uzito kuliko nembo iliyo juu yake.

Kwa hiyo ninapanga kwa mambo yanayoonekana: matundu, namna ya kupandisha na kushusha sauti, rimoti, na kama mfumo utavuma au utanyamaza.

1. DAC ndogo ya mezani yenye USB, optiki na koaksiali

Kwa watu wengi hapa ndipo pa kuishia. Topping E30 II ina matundu hayo matatu (koaksiali ni tundu la duara la waya wa kawaida wa dijitali), ina rimoti, na inaweza kufanya kazi kwa njia mbili: kutoa kiwango kisichobadilika ili amplifaya ishike sauti, au kushika sauti yenyewe. Njia hii ya pili ndiyo unayoitaka kama spika zako zina amplifaya ndani na vitufe viko nyuma kusikofikika. SMSL SU-1 ni rahisi zaidi, haina rimoti wala haipandishi sauti, lakini kama amplifaya yako ina rimoti yake hutaikosa hata kidogo.

Tundu la optiki ndilo ninalolipenda kuliko yote, na watu hulidharau. Ukiunganisha kompyuta na hi-fi kwa USB, wakati mwingine spika huanza kuvuma au kutoa milio midogo kila ukisogeza mausi. DAC haina kosa hapo. Kompyuta na amplifaya zimeunganishwa na waya wa umeme kwa njia mbili, ukutani na kwenye USB, na takataka za umeme zinazunguka humo. Waya wa optiki hupitisha mwanga tu, kwa hiyo mzunguko huo unakatika. Kikomo chake cha kutegemewa ni biti 24 na kHz 96, yaani namba 96,000 kila sekunde, vingine hufika 192, na kwa muziki uliorekodiwa kama CD hata nusu ya hapo hufiki.

Kwa televisheni, kuna jambo moja linalorudisha DAC nyingi dukani bila sababu: mtu anachomeka optiki, kimya, anadhani kifaa ni kibovu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali, weka PCM, yaani namba za muziki zisizobanwa. Televisheni ikituma sauti iliyobanwa ya Dolby, DAC ya kawaida ya muziki haiielewi. Jua pia kwamba kwenye optiki rimoti ya televisheni mara nyingi haitapandisha sauti. Ukitaka hilo, tafuta kifaa chenye HDMI ARC, tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka kwenye televisheni.

2. Kicheza mtandao chenye DAC ndani

Nilisita kuiweka hii ya pili. Kama muziki wako wote unatoka kwenye simu na huna kompyuta karibu na amplifaya, ipande iwe ya kwanza bila mjadala. WiiM Pro Plus inaungana na Wi-Fi, inapokea AirPlay 2 ya Apple na kurusha kwa Google, na chipu yake ya AKM ni ya familia ile ile iliyomo kwenye E30 II. Ukitumia programu yake au kurusha kwa Google, si AirPlay, simu inaamuru tu. Kifaa chenyewe ndicho kinachovuta wimbo mtandaoni, hivyo ukipigiwa simu muziki hauingiliwi na mlio. WiiM Ultra inaongeza kioo cha kugusa, HDMI ARC ya televisheni, tundu la sahani za santuri na la subufa.

Kinachoishusha ni kwamba umenunua programu pamoja na kifaa. DAC ya kawaida haihitaji kusasishwa wala haina akaunti. Kicheza mtandao kinamtegemea mtengenezaji aendelee kukihudumia.

Bluetooth ichukulie kama nyongeza ya wageni. LDAC ya Sony, njia ya kubana muziki upite kwenye Bluetooth, hufika kilobiti 990 kwa sekunde pale mawimbi yanaporuhusu, na bado Wi-Fi hupitisha faili nzima bila kupunguza chochote.

3. Ile adapta ndogo ya Apple

Ndiyo, kile kiwaya cheupe cha kutoa USB-C kwenda tundu la hedifoni. Ndani yake kuna DAC, na vipimo vyake vinawaaibisha wakubwa kadhaa. Inatoa volti 1 hivi, wakati hi-fi imezoea 2, kwa hiyo sauti itakuwa chini kwa desibeli 6, na utazungusha kitufe cha amplifaya mbele kidogo zaidi. Toleo la Ulaya linatoa nusu ya hapo, na kwenye simu nyingi za Android sauti yake huwa hafifu. Kwa laptopu iliyokaa karibu na amplifaya, pamoja na waya wa kwenda RCA, yale matundu ya duara nyuma ya amplifaya, hakuna kitu cha bei hiyo kinachoigusa. Ningeshauri kila anayetaka DAC kubwa aanze na hiki, ili ajue anachokilipia ni nini.

4. RME ADI-2 DAC FS

Hii ni ghali, na ndiyo pekee kati ya za ghali ninayoweza kumtetea mtu aliyeinunua. Sababu ni kusawazisha masafa, yaani kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, kama besi, bila kugusa nyingine. Wimbi la besi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7. Chumba chenye mita 3.4 kutoka ukuta hadi ukuta kinalirudisha juu yake lenyewe, na noti hiyo moja inavimba kwa desibeli 10 au zaidi huku jirani yake ikipotea. Hakuna DAC isiyo na kisawazishi inayoweza kuliponya hilo, hata ikiwa na bei ya gari. RME inakupa bendi tano unazochagua mwenyewe masafa, upana na kiasi, na unayahifadhi. Kata vilele (noti zilizovimba), usijaze mabonde (zilizopotea). Bonde hula nguvu ya amplifaya na halijai.

Halafu kuna uwezo wake wa kuongeza besi na sauti kali kidogo kidogo kadiri unavyoshusha sauti, kwa sababu sikio hupoteza ncha hizo muziki ukiwa chini. Kwa anayesikiliza usiku watoto wamelala, hilo ni la thamani kuliko tarakimu za kwenye boksi. Kwa nini basi ni ya nne? Kwa sababu WiiM nazo zina kisawazishi kwenye programu yao, kwa sehemu ndogo ya bei.

5. Za ngazi ya vipingamizi, na za kifahari

Denafrips, Holo Audio, na kwa bei ya chini FiiO K11 R2R, hutumia ngazi ya vipingamizi (vipande vinavyopunguza umeme, vilivyopangwa kwa kufuata biti; ndiyo hiyo R2R) badala ya chipu ya kisasa. Ni ufundi wa kupendeza. Ni mgumu pia: kwa biti 16 kipingamizi cha juu kabisa hakitakiwi kukosea hata sehemu moja kwa 65,536, la sivyo biti za chini zinazama. Zikitumika bila kuongeza sampuli, yaani namba za ziada katikati ya zile za CD, muziki wa CD hushuka desibeli 3 hivi ukikaribia kHz 20. Watu huuita ulaini. Ukiupenda, nunua, ni hela yako, lakini usiambiwe kwamba ndio usahihi.

Chord Qutest haina chipu ya DAC ya dukani, imeandikiwa hesabu zake yenyewe, na inakuwezesha kuchagua volti 1, 2 au 3. Haina rimoti wala kitufe cha sauti. Kwa bei yake, hapana.

Usivyovilipia

MQA, njia ya kubana muziki: Tidal, huduma ya muziki mtandaoni, waliiacha mwaka 2024 wakahamia FLAC, isiyopoteza chochote. Namba kama kHz 768: hakuna muziki wa kuzijaza. XLR, plagi kubwa ya pini tatu: ni nzuri kwa waya mrefu au spika za studio zenye matundu hayo, na hutoa volti 4, ndiyo maana kila anayeijaribu huiona "ina nguvu". Kuhusu faili zinazopita kiwango cha CD, jaribio la Meyer na Moran la mwaka 2007 lilikuta wasikilizaji wakibahatisha tu. Uchambuzi wa Reiss wa 2016 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta tofauti, ila ndogo mno. Usibadilishe DAC kwa ajili hiyo.

Siku ya kuiunganisha, shusha sauti ya amplifaya hadi mwisho kabla ya kuwasha. DAC yenye kitufe cha sauti inaweza kuwaka ikiwa juu kabisa, na kama umeiunganisha moja kwa moja na spika zenye amplifaya ndani, hakuna kitakachoizuia. Kama inatumia volti 5, ipe chaja ya simu ya peke yake, usiichomeke kwenye tundu la USB la televisheni. Kwenye Windows 10 ya kuanzia 2017 hutahitaji kusakinisha chochote ili isikike. Fungua tu mipangilio ya sauti, uichague DAC, na uweke kHz 44.1 kama muziki wako mwingi ni wa kiwango cha CD.