Asylum: uimalize wikiendi moja au sehemu moja kwa wiki?

Asylum, msimu wa pili wa tamthilia ya kutisha ya Marekani American Horror Story, una sehemu 13, na kituo cha televisheni cha FX kiliurusha kuanzia Oktoba 2012 hadi Januari 2013. Sasa sehemu zote zipo tayari, na ubishi ndipo unapoanzia.

Kwa kufuatilia hadithi, anayekesha ndiye mshindi. Ndani ya Briarcliff, hospitali ya kubuni ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts mwaka 1964, kuna mambo chungu nzima: muuaji mwenye barakoa ya ngozi ya binadamu, pepo, daktari mwenye historia ya Kinazi, hata viumbe kutoka anga za mbali. (Ndiyo, viumbe wa angani. Nami nilicheka.) Ukikaa wiki nzima, nusu ya hayo yameshakutoka kichwani.

Kwenye hofu, mambo yanageuka. Kisa cha Lana Winters, mwandishi wa habari anayefungiwa humo kama mgonjwa kwa kuwa anampenda mwanamke mwenzake, kinatisha kuliko pepo yeyote. Wataalamu wa Marekani waliuhesabu ushoga kuwa ugonjwa wa akili hadi 1973. Kisa kama hicho kinataka siku kadhaa kikutafune. Ukizimeza sehemu tano mfululizo, mateso yanakuwa kelele tu, na uigizaji wa Jessica Lange unakupita hivihivi.

Usingizi? Mtaukosa wote.

Bando ni lilelile. Ukiwa na likizo na mwenzako sebuleni, kesha. Ukiwa unaishi peke yako na kazi ni alfajiri, gawanya, tena usianze saa sita usiku.