Sindano za Mviringo: Waya wa Urefu Gani kwa Kazi Gani

Ukiingia duka la nyuzi hapa Nakuru na kuomba sindano ya mviringo, yaani ncha mbili za kufumia sweta zilizounganishwa kwa waya, utaulizwa namba, yaani unene wake. Urefu wa waya hautajwi mpaka umefika nyumbani, umeanza kofia ya mtoto, na unaona kitanzi cha kwanza na cha mwisho vimekataa kukutana. Basi tuanze na urefu, namba tutaifikia.

Urefu ulioandikwa kwenye pakiti, iwe 40, 60, 80 au 100, ni sentimita kutoka ncha hadi ncha, sindano na waya kwa pamoja. Ukifuma kwa mzunguko, sindano iwe fupi kuliko duara la nguo. Vitanzi vinakubali kusongamana, kunyooshwa havikubali. Sweta ya kifua cha sentimita 100 inakaa raha kwenye sindano ya 80, lakini kofia ya 50 haiwezi kuizunguka sindano hiyo hiyo bila ujanja.

Ujanja upo, na ndio unaoamua mpangilio wangu wa urefu upi ununue kwanza. Unagawa vitanzi nusu kwa nusu, unavuta waya uliobaki utokeze katikati yao, unafuma nusu ya kwanza, unageuza kazi, unavuta tena, unamaliza nusu ya pili. Hivyo waya mrefu unafuma hata soksi ya mtoto mchanga. Waya mfupi hauna ujanja wowote wa kuufanya mrefu.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa sentimita 80. Kama pesa inatosha sindano moja tu, nunua hii, unene wa milimita 4, ambao unafaa uzi wa kati unaopatikana kila mahali. Itafuma mwili wa sweta ya mtu mzima kwa mzunguko, mikono kwa ule ujanja, na hata vipande bapa vya mbele na nyuma. Hakikisha tu waya ni laini. Ukiwa mgumu, kuuvuta kila nusu ya mzunguko ni adhabu.

Ya pili ni sentimita 40, kwa kofia na shingo za sweta. Anayefuma kofia za kuuza Molo na Elburgon, ambako baridi haina msimu, ataipenda kuliko 80 kwa sababu anazunguka bila kusimama. Ina kasoro mbili. Ncha zake ni fupi, kwa hiyo mwenye viganja vikubwa atachoka vidole. Halafu ukianza kupunguza vitanzi kuelekea utosi, duara linakuwa dogo kuliko sindano, na hapo lazima uhamie ile ya 80 au sindano fupi zenye ncha pande zote mbili. Kofia ya mtoto mchanga usiijaribu kwa 40 kabisa.

Sentimita 60 naiweka ya tatu, ila kwa wateja fulani ingekuwa ya kwanza. Kama kazi yako ni sweta za watoto wa shule ya msingi, vifua vingi utakavyofuma viko kati ya sentimita 65 na 80, na hapo hakuna urefu unaoishinda. Kwa mtu anayejifumia mwenyewe na familia yake, ni ndefu mno kwa kofia na inabana sweta ya baba.

100 na 120 ni za shali na blanketi. Shali ya mtoto yenye upana wa mita moja, kwa uzi wa kati, inakula vitanzi 200 hivi. Kwenye sindano mbili za kawaida vitabanana, na uzito wote utaning'inia kwenye viwiko. Kwenye waya mrefu unafuma kwenda na kurudi, kazi imelala mapajani. Na ndani ya matatu ya Njoro, jirani yako hachomwi ubavu.

Seti za kubadilisha waya, ambazo ncha zake hufungwa kwa skrubu kwenye waya wa urefu unaoutaka, nimeziweka mwisho, si kwa ubaya. Ni nzuri, lakini ni za mtu anayejua tayari anafuma nini. Ukiagiza, soma vizuri: KnitPro, kampuni ya India, huandika urefu wa jumla baada ya kufunga ncha, ilhali kuna kampuni nyingine huandika urefu wa waya mtupu. Kaza skrubu kwa kile kiufunguo kinachokuja na seti. Ikilegea katikati ya mstari, vitanzi vinadondoka.

Sasa namba. Wazee wetu walifuma kwa namba za zamani za Uingereza, na wauzaji wengi bado wanazitumia. Katika hizo, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Za Marekani, ambazo utakutana nazo ukinunua mtandaoni, zinakwenda kinyume: namba 8 ni milimita 5, namba 10 ni milimita 6. Tofauti hiyo si ndogo. Vitanzi 100 vinavyokupa sentimita 45 kwa milimita 4 vinaweza kufika 55 kwa milimita 5. Kofia inakuwa kapu. Mwambie mwenye duka, "Mama, nipe kwa milimita," na kama maandishi yamefutika, hasa kwenye sindano za mitumba, ipitishe kwenye kadi ya matundu ya kupimia. Usikisie kwa macho. Wengi tulianza na spoku za baiskeli, zenye unene wa milimita 2 hivi, na skafu zile zilisimama zenyewe.

Kuhusu malighafi sina mengi. Mianzi inashika vitanzi, kwa hiyo inamfaa anayeanza na anayefuma akriliki inayoteleza. Chuma kinakwenda kasi, na kinafaa zaidi kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono, kama ile wanayofumia kina mama wa Kenana Knitters kule Njoro, kwa kuwa sufu hiyo inakwama kwenye mianzi. Plastiki ni rahisi kwa bei, ila kwenye unene mdogo inapinda.

Unapochagua, pesa yako iende kwenye kiungo, pale waya unapoingia kwenye sindano. Pitisha ukucha kutoka kwenye waya kuelekea ncha. Ukucha ukigota, kila kitanzi kitagota hapo hapo, mstari baada ya mstari. Beba kipande cha uzi wako, kizungushe pale kwenye kiungo na ukivute. Kikiacha nyuzinyuzi, irudishe sindano kwa mwenye duka hata kama amepunguza bei. Kisha kunja waya kidogo na uuachilie. Ukibaki umejikunja, si lazima uukatae: nyumbani utatumbukiza waya peke yake, bila mianzi, kwenye maji moto kwa dakika moja, uunyooshe, uuache upoe ukiwa umenyooka. Kiungo kibovu hakina dawa ya namna hiyo.