Uzoefu wangu: amplifaya ya valvu za EL84 na spika zinazoelewana nayo, hapa Kisumu

Kwa sebule ya kawaida hapa Kisumu, amplifaya ndogo ya valvu za EL84 (mirija midogo ya kioo inayokuza umeme wa sauti) ikipata spika zenye usikivu mkubwa inatosha kabisa, na muziki wake unaishinda mitambo mingi mikubwa niliyowahi kuisikia. Nimeishi nayo wakati wa joto na wakati wa mvua, na bado ndiyo ninayoiwasha jioni. Ila spika ndizo zitangulie. Wengi hununua amplifaya kwanza kwa sababu valvu zikiwaka zinapendeza macho, halafu wanaanza kuitafutia spika. Pesa nyingi hupotelea hapo.

Yangu ina EL84 nne, mbili kwa kila upande, na mbele yake ECC83 mbili, valvu ndogo zinazoanza kuikuza sauti. Inatoa wati 12 hivi kwa kila chaneli. Ukimtajia mtu namba hiyo anashangaa, kwa sababu wufa za madukani huandikwa maelfu ya wati kwenye boksi. Lakini sauti unayoisikia haitegemei wati peke yake. Inategemea usikivu wa spika, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inazotoa ikilishwa wati 1 na kupimwa ukiwa mita 1 mbele yake. Kila desibeli 3 zinazopungua kwenye spika zinakudai wati mara mbili. Zikipungua 10, zinakudai wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 96 kwa wati 12 ni sawa na spika ya desibeli 86 kwa wati 120. Hesabu hii ndogo ningependa kila mnunuzi aifanye kabla hajatoa hata shilingi. Tena namba za kwenye karatasi huwa na ukarimu. Mimi hupunguza desibeli mbili tatu ndipo nipige hesabu.

Spika zangu ni Klipsch RP-600M, mtumba kutoka Nairobi, ambazo kiwanda kinasema ni desibeli 96 na omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, jinsi spika inavyouzuia umeme). Zilinigharimu kuliko amplifaya yenyewe, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo bajeti inavyofaa kugawanywa. Zina tundu la hewa nyuma, kwa hiyo hazitaki kubanwa ukutani. Nikizisogeza karibu na ukuta besi inavimba na kuimeza sauti ya mwimbaji. Seremala wa Kibuye alinitengenezea stendi nzito za mbao zinazoleta twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, usawa wa masikio nikiwa nimeketi. Twita za honi kama hizi zikiunganishwa na amplifaya yenye sauti kavu zinaweza kukuchosha masikio. Kwa EL84 zinatulia, ila zisikutazame usoni moja kwa moja. Zangu nimezigeuza kidogo tu kuelekea ndani.

Rekodi ninayopimia kila kitu ni ya nyatiti, ala ya muziki ya Waluo. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu, akigonga nayo ubao wa chombo huku njuga zikilia mguuni. Mlio huo wa kugonga ni mtihani mgumu kwa mtambo wowote. Kwangu unasikia chuma kwanza, halafu mbao, halafu uwazi wa ndani ya chombo ukijibu, vyote kwa upesi usioweza kuuhesabu. Nyuzi zinabaki mbele yake bila kufunikwa, na njuga zinakaa chini, mahali mguu ulipo. Benga nayo inanipa furaha ileile: gitaa la solo linapopanda juu na kuanza kukimbia, kila noti ina mwanzo na mwisho wake.

Shemeji yangu wa Milimani hakuamini. Akaja na spika zake za kusimama chini, ndefu hadi kifuani, desibeli 86, omu 4. Tukazima amplifaya, tukahamishia nyaya kwenye tundu za omu 4 nyuma ya amplifaya, tukawasha tena na kurudia rekodi ileile. Kwa sauti ya chini zilikuwa nzuri, hata besi ilishuka chini kuliko yangu. Tulipopandisha kidogo, ile pete ya nyatiti ikageuka kuwa "tu" butu, na gitaa la besi la benga likawa uji.

"Shemeji, amplifaya yako ni mgonjwa," akasema.

"Si mgonjwa, shemeji. Umeibebesha gunia la wenzake."

Siku nyingine tukazisikiliza spika zake kwake, kwenye amplifaya yake ya transista ya wati 100, na ziliimba vizuri sana. Hakuna aliyekuwa na kitu kibovu. Zile ni spika za kulishwa umeme mwingi, na umeme mwingi kwa bei nafuu unapatikana kwenye transista.

Hapa ndipo omu zinapoingia, na watu wengi huzipita. Omu 8 zilizoandikwa nyuma ya spika ni wastani tu. Ukinzani hupanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika, na spika ya omu 8 inaweza kushuka hadi 3 au 4 mahali fulani kwenye besi. Amplifaya ya transista haijali sana. Ya valvu inajali, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mkubwa zaidi, na sauti hufuata hiyo milima na mabonde ya spika. Zile za valvu moja moja kila upande bila mrejesho (kurudisha sehemu ya sauti mwanzoni ili isahihishwe), kama za valvu ya 300B zenye wati 8 hivi, zinajali kuliko zote. Kwa hiyo tafuta spika ambayo ukinzani wake haushuki sana, hata kama usikivu wake si wa ajabu. Mfano mzuri ni LS3/5A iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970. Usikivu wake ni desibeli 83 tu, lakini za kwanza zilikuwa na omu 15, na wengi wanazipenda kwa amplifaya za EL34, valvu kubwa kuliko EL84, katika vyumba vidogo. Namba moja peke yake haitoshi kukuamulia.

Jaribu pia tundu zote za transfoma ya kutokea, ile inayounganisha valvu na spika. Spika ya omu 8 kwenye tundu la omu 4 hupata wati chache zaidi, ila besi mara nyingi hukaza. Kwangu nyatiti inapendeza zaidi kwenye 4, rumba kwenye 8. Zima kabla ya kuhamisha waya, na usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutokea inaweza kuungua.

Sasa umeme. Muuzaji wa mtandaoni alinitumia amplifaya iliyosukiwa transfoma ya volti 220, ilhali stima yetu ni 240. Iliwaka na kuimba, lakini ilikuwa moto kupita kiasi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Kondele ambaye ametengeneza redio za valvu tangu ujana wake. Akaingiza multimita kwenye nyuzi za kupashia joto zilizo ndani ya valvu: volti 6.9, badala ya 6.3.

"Hii imeumbiwa 220, kijana wangu."

"Itadumu, mzee?"

"Itadumu. Ila valvu utazinunua kama mkaa."

Akafunga transfoma ndogo ya volti 18 kwenye boksi la chuma, waya zake zikielekezwa kinyume ili zipunguze volti zinazoingia. Sasa amplifaya inapata 222 hivi, nyuzi zinasoma 6.35, na sehemu ya juu ya transfoma kubwa unaweza kuigusa bila kuondoa mkono. Kazi hiyo mwachie fundi, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na volti mia kadhaa hata baada ya kuzima. Ukiagiza mpya, muulize muuzaji kwa maandishi kama ina 240. Nimeongeza stabilaiza pia, kwa ajili ya zile dakika stima inaporudi baada ya kupotea.

Joto lenyewe ni jambo la kufikiria. Mchana wa Kisumu, chini ya mabati, sitaki kitu kingine chochote kinachopasha chumba, kwa hiyo mchana natumia redio ndogo. Amplifaya inangoja jioni upepo wa ziwa unapoanza kuingia. Iache wazi juu na pembeni. Usiifungie kwenye kabati la televisheni.

Kama sebule yako ni kubwa, au unapenda harusi isikike hadi kwa jirani, ruka EL84. Angalia EL34 au KT88 zenye wati 35 hadi 50, na ujue kwamba nyingi zinahitaji kurekebishwa bayasi (umeme unaopita kwenye valvu hata bila muziki) kila unapobadilisha valvu. Yangu hujirekebisha yenyewe, ndiyo sababu mojawapo niliichagua.

Valvu mpya bado zinatengenezwa China, Urusi na Slovakia, kwa hiyo usiogope kwamba zitaisha sokoni. Mimi huagiza EL84 nne zilizolinganishwa kwa pamoja na kuziweka kabatini, pamoja na ECC83 moja ya akiba, kwa sababu hapa mjini hazipatikani ukizihitaji ghafla.