Kabla ya Kukata Mguu: Tathmini ya Waya, Puto na Stenti

Kidole cha mguu kikigeuka cheusi kwa kukosa damu, wengi huona kilichobaki ni kukatwa. Tathmini hii ni kwa ajili ya mgonjwa huyo na jamaa zake, kabla hawajatia sahihi fomu. Tunachokipima ni matibabu ya kufungua mshipa ulioziba kutoka ndani bila kupasua: waya hupitishwa, puto dogo hujazwa ili kuupanua, na pengine stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma, huachwa humo. Kwa maoni yetu, puto lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani na stenti ni nzuri mahali pake tu. Vyote viwili ni hasara kama hakuna aliyepima mtiririko wa damu mguuni kwanza.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mkanda wa presha hufungwa juu ya kifundo cha mguu, mshipa husikilizwa kwa Dopla ndogo ya mkononi (kifaa cha kusikiliza mwendo wa damu), kisha presha ya kifundo hugawanywa kwa presha ya mkono. Jibu la 1.0 hadi 1.4 ni la kawaida. Chini ya 0.9 mishipa imeziba kiasi, na chini ya 0.4 mguu uko hatarini. Kosa kubwa hutokea kwa mwenye kisukari wa miaka mingi au mwenye figo mbovu: kuta za mishipa yake zimejaa chokaa, mkanda haubani, na hesabu inatoka 1.3 au zaidi ya 1.4 huku kidole kinaoza. Mtu huyo huambiwa damu yake ni nzuri, akarudi nyumbani. Kwake presha ipimwe kwenye kidole gumba cha mguu. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakitegemewi kupona mpaka damu iongezwe. Baadaye ndiyo huja ultrasaundi ya mishipa na picha ya CT yenye dawa ya rangi.

Kama kuna homa, usaha, harufu na uvimbe unaopanda mguuni, msimcheleweshe daktari hata kidogo. Huko ni kuoza kwa maambukizi, na kukata au kusafisha haraka huokoa maisha. Mishipa itaangaliwa baadaye.

Kazi yenyewe hufanyika mgonjwa akiwa macho, ganzi ikiwa kinenani tu. Daktari hutoboa mshipa, huingiza mrija wa upana wa milimita 2 hivi, hutoa heparini ili damu isigande, kisha hupitisha waya katikati ya kizuizi. Hapo ndipo ustadi wote ulipo, kwani waya usipopita, puto halina njia. Ukipita, puto hupandishwa juu yake na kujazwa kwa dakika 2 au 3. Juu ya goti hutumika puto la milimita 5 au 6, chini ya goti 2 hadi 3. Charles Dotter alifungua mshipa wa mguu kwa njia hii mwaka 1964 huko Portland, Marekani, kwa mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa. Alitumia mirija tu. Puto la Andreas Grüntzig lilikuja miaka ya 1970.

Udhaifu wa puto ni kwamba mshipa mwembamba chini ya goti mara nyingi huziba tena ndani ya mwaka. Hatulihesabu kuwa jambo la kulikataa. Kidonda kinahitaji damu nyingi ili kipone, lakini ngozi iliyokwisha kufunga huishi kwa damu kidogo. Mshipa ukikaa wazi miezi michache, kidonda kikapona, mguu umeokoka.

Stenti hufaa nyongani na pajani, hasa puto likiacha ukuta wa mshipa umechanika. Nyuma ya goti tunaipa alama ya chini: goti hukunjwa kila siku, chuma huvunjika. Anayeswali au kupalilia akiwa amechuchumaa amweleze daktari mapema. Mashine za kukwangua chokaa zina gharama kubwa, na ushahidi kwamba huokoa miguu kuliko puto la kawaida ni mdogo. LimFlow, mfumo unaogeuza vena ya mguu (mshipa wa kurudisha damu moyoni) ipeleke damu wayoni, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wasio na mshipa wowote wa kufungua.

Upasuaji wa kuunganisha vena, ili damu ipite kando ya kizuizi, haujapitwa na wakati. Utafiti wa BEST-CLI wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwenye vena nzuri ya mguu hunufaika zaidi na upasuaji. Utafiti wa BASIL-2 wa mwaka uliofuata ulielekea kwenye puto kwa ugonjwa wa chini ya goti. Basi vena ipimwe kwa ultrasaundi kabla ya kuchagua.

Kwa Uganda, chumba cha katheta (cha kupitisha mirija mishipani) kipo Uganda Heart Institute pale Mulago, lakini chumba cha moyo na vifaa vya mguu ni mambo mawili. Puto la moyo huwa na urefu wa milimita 15 hadi 30. La mguu linaweza kupita 200. Popote mnapokwenda, pigeni simu kabla ya kupanda basi kutoka Arua au Kasese, mkauliza kama maputo marefu yapo na kama kuna daktari anayefungua mishipa chini ya goti.

Kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla, na tena siku 2 au 3 baada ya dawa ya rangi. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, aseme. Mrija ukitolewa, kinena hubanwa dakika 15 hadi 20, kisha mgonjwa hulala chali kwa saa 4 hadi 6. Boda siku hiyo hapana, alale mjini. Uvimbe unaokua kinenani, au mguu kuwa baridi na mweupe ghafla, ni wa kurudi usiku huohuo.

Aspirini na klopidogreli (za kuzuia damu kuganda) na dawa ya kolesteroli ziendelee kama zilivyoandikwa. Sigara iachwe kabisa. Msiloweke mguu usiohisi kwenye maji ya moto na chumvi, wala msimvishe mgonjwa lugabire (ndala za matairi) zenye ukingo mkali. Kidonda kisipopungua ndani ya wiki 4, mshipa upimwe upya. Mkitoka hospitali ombeni picha zote kwenye CD pamoja na karatasi inayotaja mshipa upi ulifunguliwa na kwa puto la ukubwa gani. Ukiziba tena, daktari wa pili ataanzia hapo.