Uzoefu wangu na pampu ya kupimia sili za krankshafti kwenye tronsonezi

Pampu ninayoieleza hapa ni ya mkono, ina geji ya mviringo, na inaweza kusukuma hewa au kuifyonza kwa kugeuza kitufe kidogo kilicho ubavuni. Niliinunua Birere, hapa Goma, ikiwa ndani ya kasha la plastiki pamoja na mpira mwembamba na vipande vya kuunganishia. Kazi yangu kubwa ni kufungua na kufufua tronsonezi (misumeno ya injini) za wapasua mbao wa upande wa Masisi na Walikale, na katika kazi hiyo kifaa hiki kimerudisha gharama yake kwa sababu moja tu: kinafyonza. Kingekuwa cha kusukuma pekee, nisingemshauri fundi mwenzangu akinunue.

Sababu yenyewe imo katika umbo la sili, yaani pete ya mpira inayoizunguka shafti. Injini ya mipigo miwili hupitisha mafuta yake katika chemba ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), na chemba hiyo hufyonza pistoni inapopanda, kisha hupata presha inaposhuka. Sili mbili, moja nyuma ya gurudumu la sumaku na nyingine upande wa klachi, ndizo zinazozuia hewa isipite kandokando ya shafti. Mdomo wa sili umeelekea ndani, kwa hiyo presha huukandamiza juu ya shafti hata kama mpira wake umeshakauka kwa joto na uzee. Ukifyonza, mdomo huohuo huachia na hewa ikapenya. Ndiyo maana mashine inaweza kufaulu kipimo cha presha mbele ya mwenyewe, ikapelekwa porini, kisha ikarudi na pistoni iliyokwaruzika upande wa ekzosi, kwa kuwa hewa ya wizi imepunguza petroli na pamoja nayo oili iliyochanganywa humo. Mwenye mashine hulaumu pistoni, nayo mara nyingi haina kosa.

Ninapopima, naziba tundu la ekzosi na njia ya kabureta, buji (plagi ya cheche) naiacha imekazwa mahali pake, kisha naunganisha mpira kwenye kijitundu kinachopeleka msukumo kwenye kabureta. Vitabu vya ufundi vya Stihl, kampuni inayotengeneza tronsonezi, vinataka presha ya 0.5 bar isimame bila kushuka kwa sekunde 20. Kwa upande wa kufyonza, sindano ikianzia 0.5 bar isirudi chini ya 0.3 bar ndani ya muda huohuo. Nazungusha shafti kidogo kidogo, maana shafti yenye mchubuko hushikilia katika nafasi moja na kuvuja katika nyingine. Nikitaka kujua ni sili ipi, nadondosha oili kuzunguka mdomo wake huku nikifyonza: upande mbovu huimeza, na sindano husita kwa muda kabla ya kuanza tena kurudi. Mashine ya mwisho niliyoipima hivyo ilikuwa na tope la vumbi na oili nyuma ya gurudumu la sumaku, jeusi na gumu kama ukoko wa ugali, na hilo peke yake lilikuwa limeshanionyesha pa kuanzia.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kabureta iliyorekebishwa kwa hewa hii nyepesi hukosa petroli ya kutosha mashine inapotelemshwa kwenye misitu ya chini ya Walikale. Ralanti (mwendo wa injini bila kukanyagiwa mafuta) hupanda, injini hulia juu kupita kiasi, na fundi, akidhani ni hewa ya wizi, hubadilisha sili zisizo na ubaya. Kwa kawaida hitilafu ya kabureta hutulia skrubu zikirekebishwa. Ya sili haitulii, kwani ralanti hupanda tena injini ikipata moto au mashine ikilazwa ubavu, na ukiachia mafuta mwendo huchelewa kushuka.

Sili mpya nayo huharibika siku ya kufungwa. Kabla ya kuiingiza napima kwanza beringi, kwa sababu shafti inayocheza itaitafuna sili yoyote, hata ile ya bei ghali. Kisha nasugua shafti kwa msasa laini sana, nafunika kingo za mfereji wa ufunguo (mkato ulio kwenye shafti) kwa utepe mwembamba, napaka grisi mdomoni, na kuigonga polepole kwa soketi yenye upana wa sili ili iingie sawasawa. Ile ya zamani siichokoi kwa bisibisi, kwani mkwaruzo kwenye kiti chake ni njia nyingine ya hewa.

Kuhusu kifaa chenyewe, malalamiko yangu ni mawili. Kiungo cha mpira kilichokuja nacho kilikuwa kinavuja, jambo linalogundulika kwa kuziba ncha kwa kidole na kutazama sindano kabla ya kupima mashine yoyote. Nilikibadilisha kwa mpira wa petroli wa pikipiki. Pia hakina vibamba vya kuzibia ekzosi, kwa hiyo vyangu nimevikata kutoka kwenye tyubu nene ya gari, nikavibana kwa bolti za ekzosi zenyewe.